Ililia Nikaiita Jina

Kwamboka mwanangu,

Nakusikia huko chumbani ukigombana na zipu ya begi. Sijaja kukusaidia kwa sababu nikija nitaanza kukuambia uvae sweta, na hayo umeambiwa mpaka masikio yamechoka. Mambo ya baridi ya Eldoret, ya chakula, ya wanaume wenye maneno laini, yote unayajua. Binti ambaye hayajui akifika umri wako, barua ya mama haitamwokoa. Nataka kukuandikia juu ya kile kitu nilichokifunga kwa taulo nene la soko la Daraja Mbili na kukiweka chini kabisa ya nguo zako.

Najua ulinung'unika nilipokawia kukinunua. Ulimwambia baba yako kwamba nina mkono wa birika, na ukuta wa nyumba hii ni mwembamba, nikasikia. Sikukasirika. Sikuwa na la kukujibu wakati ule, ila leo ninalo.

Utashangaa pia kwamba nakuandikia kwa Kiswahili, mimi ambaye nikikugombeza Kiswahili hukimbia chote kikabaki Ekegusii kitupu. Haya niliyo nayo siwezi kuyaandika kwa lugha yetu. Nikiyaandika kwa Ekegusii nitahisi kama nayaita yaje. Kwa Kiswahili angalau nayatazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Ulipopata nafasi ya chuo ulikuwa umekaa muda mrefu ukingoja, ukiwachapia watu barua zao kule ofisini mjini, na mpango wako ulikuwa tayari. "Mama," ulisema, "nikiwa na kompyuta yangu mwenyewe nitawachapia wenzangu kazi zao. Sitawaomba pesa ya matumizi hata siku moja." Baba yako na mimi tulitazamana. Karo tungeisukuma, lakini matumizi hatukuwa nayo, na sote tulijua. Basi nikauza mikaratusi ya kule mtoni, yote, hata ule uliokuwa ukifungia mbuzi ulipokuwa mdogo. Mti haulali ukaamka mkubwa. Kompyuta ikifa ungali mwaka wa kwanza, hakuna nyingine, na masomo yako yanaweza kufia hapo hapo. Ndiyo maana nilichagua kama mtu anayechagua mkwe.

Mjini zilikuwa mbili tu za kutufaa. Ya kwanza uliiona, ile ya kwenye duka la vioo, mpya, nyembamba, haina hata skrubu moja ya kuonekana. Muuzaji aliipapasa akasema, "Hii, mama, haifunguliwi. Ikisumbua inapelekwa Nairobi, na Nairobi wakishindwa inapelekwa ng'ambo." Alilisema kama sifa. Nikamuuliza, "Na unga ukiingia?" Akauliza, "Unga gani?" Nikajua huyu hajawahi kufika Tabaka. Hapa kwetu, kwenye machimbo na vinyago, unga wa mawe umo kwenye chai, umo kwenye Biblia, umo mfukoni mwa gauni la kanisani. Likizo zako zote utazimaliza humu ndani. Lakini baba yako aliipenda. "Kitu kipya ni kipya," akasema. Nikamjibu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Akacheka, akarudi Nyamira kwa wanafunzi wake, akaniachia mzigo.

Ya pili ilikuwa ya Mama Hansa, yule mjane wa Kihindi mwenye duka la misumari na saruji. Mumewe aliitumia kuweka hesabu za dukani mpaka alipofariki, na yeye sasa anafunga duka kwa sababu watoto wamemwita Uingereza. Nilikwenda peke yangu mchana mmoja wa ukungu, duka limebaki nusu tupu. Alitandaza gazeti kaunta, akachukua bisibisi moja tu, akaifungua kompyuta ile vipande vipande kama anachambua kuku.

"Wewe angalia, Mama Kwamboka," akasema. "Hii betri natoa. Hii diski natoa. Hii memori natoa, naweka kubwa. Kitu ikiharibika natupa hiyo moja, si yote. Hata mimi mzee naifungua."

Nilipenda, nisikufiche. Nilipenda jinsi kila kitu kilivyokuwa na mahali pake na njia ya kutokea. Akanieleza historia yake. Kibodi ilibadilishwa mzee alipomwaga chai. Skrini ilibadilishwa ilipoangukiwa na kopo la rangi. Diski ilikufa ikawekwa nyingine, betri vilevile, na hata memori si ile ya kwanza. Nikamuuliza kwa utani, "Sasa cha mzee kilichobaki humu ni kipi?"

Aliilaza bisibisi juu ya gazeti. "Hakuna," akasema. "Lakini saa yake ya chai ikilia humu ndani, mimi naitika."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza. Akairudisha pamoja, akanisogezea, akasema tukaijaribu nyumbani kwanza kabla ya kulipa. "Ikikataa kukaa kwenu, rudisha," alisema. Njia nzima nilikuwa najiuliza kompyuta inakataaje kukaa mahali.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili hukuwepo. Siku iliyofuata ulikuwa umekwenda mjini kuagana na wenzako wa ofisini, ukalala huko. Mvua ya mawe ya alasiri ilinyesha ikapiga mabati mpaka akina mama wa bandani wakaacha kusugua vinyago wakakimbilia makwao. Nikabaki peke yangu. Nikaiweka kompyuta mezani, nikabonyeza pale uliponionyesha, na ikaanza kulia. Haikulia mara moja ikaacha. Ililia tii, tii, tii, na kioo cheusi. Nikaizima, nikaiwasha. Ikalia tena vilevile.

Nilicheka ili nisiogope. Kisha nikafanya jambo ambalo Mzungu aliyeitengeneza asingelifikiria, na hata Mama Hansa asingelifanya. Nikaketi, nikaipakata, nikaanza kuiita majina ya wafu wetu, kama tunavyomfanyia mtoto mchanga anayelia bila sababu, mpaka alinyamazie moja, na hilo ndilo huwa lake. "Unalia nini wewe? Ni Nyaboke? Ni Moraa? Ni Kerubo amekuja?" Hao wote ni wa upande wa mama yangu. Iliendelea kulia. Nami bado nacheka, nikasema, "Au ni Kwamboka?"

Ikanyamaza. Kioo kikawaka.

Mvua nayo ilikuwa bado inanyesha nje, lakini mimi sikuisikia tena.

Unajua jina lako ni la bibi yako, mama wa baba yako. Hukuambiwa yote. Alikufa nikiwa na mimba yako, na mimi na yeye hatukupendana. Yeye ndiye aliyenifundisha kusugua jiwe kwa maji na msasa, na kila jiwe nililolimaliza alilitazama, hakusema neno, akalirudisha ndani ya beseni mbele ya watu wote. Mkono uliolirudisha ulikuwa na vidole vinne, maana kidole chake kidogo kilibaki machimboni kabla sijaolewa. Nilikuwa nauchukia ule mkono. Alipougua aliniomba nimkande mkono huo, ulikuwa unamuuma palipokatika. Nilimwambia chai iko motoni, nikatoka. Hapakuwa na chai yoyote motoni. Sikurudi chumbani humo mpaka nilipoitwa kumfunika.

Ukazaliwa, ukalia. Ulilia mpaka maziwa yakanikauka. Shangazi zako waliketi wakaita majina, nami nikawa nawatajia ya kwetu tu, kwa sababu la kwake sikutaka likae kwenye mwili uliotoka kwangu. Mwisho nilichoka. Nililisema kwa sauti ndogo, karibu na sikio lako. Ulinyamaza kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni, ukafungua macho, ukanitazama. Mwanangu, nilikuogopa. Niliendelea kukuogopa mpaka siku ulipocheka mara ya kwanza, ndipo nikajua ni wewe, na nikakupenda mpaka leo hii.

Kwa hiyo unaelewa nilichokifanya mvua ikinyesha. Jina lilikuwa limeshafika, limeshapata mtu, limetulia. Mimi nikalitoa tena kwa mchezo, nikalipatia chombo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kesho yake mchana nilitoka bandani kuja kunywa maji. Kompyuta ilikuwa mezani imefungwa, na unga wa mawe ulikuwa umeshatua juu ya mfuniko wake kama kawaida. Katikati ya unga kulikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kizima, kimetulizwa taratibu, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala aone kama ana homa. Vidole vilikuwa vinne. Nilitazama mkono wangu mwenyewe nikahesabu vidole, mjinga mimi. Nikawauliza akina mama nani aliingia nyumbani. Hakuna. Na mikono yao ilikuwa na tope la msasa, ingeacha uchafu, wala isingeacha alama safi vile. Nikafuta kwa aproni kabla hujaiona. Nikajiambia huenda mtu alikunja kidole.

Jioni hiyo ulirudi, ukasema kichwa kinauma, ukaketi kizingitini ukatazama migomba. Nikakuita ule. Hukugeuka. Nikakuita tena, kwa nguvu, jina lako kamili. Na kule ndani, mezani, imefungwa, kompyuta ikalia mara moja. Tii.

Ndipo ulipogeuka polepole ukauliza, "Umeniita?" Ukasema ulikuwa unanisikia kwa mbali, kama niko ng'ambo ya mto. Labda betri ilikuwa inaisha, najua huwa zinalia zikiisha, wewe mwenyewe uliniambia. Nilijishikilia hapo.

Lakini Jumatatu ulikuja bandani kusaidia, na hilo la Jumatatu sikupata pa kulishikilia. Ulipita kwenye beseni la Mama Nyanchama, ukachukua kinyago cha kifaru alichokuwa amekimaliza, ukakigeuza, ukakitazama. Hukusema neno. Ukakirudisha majini mbele ya watu wote. Mama Nyanchama alicheka akasema, "Haya, mwalimu amefika!" Wewe hukucheka. Hujawahi kuigusa kazi ya mtu mwingine tangu uzaliwe. Nami nilisimama pale nimeshika msasa, nikiwa tena yule mke mpya aliyerudishiwa jiwe.

Asubuhi iliyofuata niliifunga kompyuta ile kwa leso nikaenda mjini kuirudisha. Nilikuwa nimeshaamua. Ningechukua ile mpya, nyembamba, isiyojua mtu. Nilifika mpaka kwenye duka la vioo, nikasimama mbele ya ile mpya nikaitazama. Inang'aa, laini, haina hata ufa wa kuingiza ukucha. Nikawaza: na humu namo kikiingia kitu? Kiwe unga, kiwe maji, kiwe jina. Kitatokea wapi?

Hapo ndipo nilipojiona mwenyewe. Mimi na yule mama tulikaa nyumba moja miaka mingi na hakuna aliyemfungulia mwenzake. Kila mmoja alikuwa laini juu, "habari ya asubuhi, mama," "nzuri, mwanangu," na ndani panaoza. Ningelifungua siku moja tu, nikasema, mama, unanitia aibu mbele ya watu, tungetoa kilichooza na kingine chote kingebaki kizuri, maana alikuwa na mazuri. Mikono hii inayonilisha ni yeye aliyeifundisha. Hatukufungua, na yote yalikwenda pamoja. Utakutana na watu huko, marafiki, na mume siku moja. Mimi sina ushauri wa kukupa juu yao ila huu mmoja: angalia kama ana skrubu.

Nikatoka duka la vioo nikapanda ngazi kwa fundi Ombati, yule mzee wa kanisa anayetengeneza kompyuta na redio. Sikumwambia kitu. Nilisema tu inalia. Aliifungua, akaingiza kidole, akacheka.

"Memori imelegea, Mama Kwamboka. Ndio maana inalia. Ona, nikisukuma hivi inanyamaza. Labda uliitingisha?"

Niliipakata, nikamwambia. Nilikuwa naipakata.

"Basi ni hiyo tu. Hakuna kitu kingine hapa."

Huyo ni mtu mkweli na ninamwamini. Hata hivyo nikamwambia aitoe. Akasema haina haja, ni nzima. Nikamwambia aitoe, aweke kubwa zaidi, maana mtoto anaenda chuo. Hapo akafurahi, akasema itakuwa na nguvu maradufu, na ukitaka mwaka ujao unaongeza tena. Alipomaliza nikanyoosha mkono nikaomba ile ya zamani.

"Hii? Utaipika?" akauliza, akanipa huku akicheka.

Ni kijipande chembamba, Kwamboka. Kililala kiganjani mwangu na mimi sikuwa nimefikiria lolote mpaka nilipokunja mkono. Kilikuwa na urefu wa kidole kidogo.

Nikamlipa Mama Hansa mchana uleule. Aliuliza, "Ilikubali kukaa?" Nikamjibu kwamba nitajua nikifika nyumbani.

Leo alasiri, ukungu uliposhuka na wewe ukiwa kwa jirani unaaga, nilikwenda kwenye kaburi la bibi yako pale nyuma ya nyumba. Nilichimba pembeni kwa jembe, si kina kirefu, nikakiweka kile kijipande nikakifukia. Nikasema naye. Nilisema kwa Ekegusii, kwa hiyo maneno yenyewe sitayarudia hapa. Nilimwambia hapakuwa na chai motoni. Nilimwambia nimemletea kidole chake, na jina alishampa mtoto, amwachie mtoto. Kisha nikaukanda ule udongo kwa viganja vyote viwili, muda mrefu, kama nilivyopaswa kumkanda yeye. Uliporudi uliniuliza magoti yangu yana nini, nikakwambia nilikuwa napalilia.

Halafu ilibaki kujua. Nilisimama mlangoni na sikuweza kulitoa jina. Mimi mama yako, ambaye nimekuita mara elfu kwa kukugombeza na mara elfu kwa kukupa chakula, ulimi ulikataa. Niliogopa kwamba nitaita na litaitika taulo. Nikapiga moyo konde nikaita.

Kompyuta haikulia. Wewe ulipiga kelele kutoka jikoni, "Mama, nini tena? Vitunguu vinaungua!" Ilikuwa sauti yako yenyewe, ile ya kukosa subira uliyorithi kwangu na si kwa mtu mwingine. Nilishika fremu ya mlango nikalia. Ulipotoka ukaniona, nilisingizia hivyo hivyo vitunguu.

Kwa hiyo ni yako. Ifungue wakati wowote, ibadilishe, iongeze, usiiogope. Fundi amesema hakuna kitu humo na mimi namwamini. Imekubali, na itakufikisha.

Lakini nimesema leo nafungua yote, basi nifungue na la mwisho. Nilipoita, kabla sauti yako haijatoka jikoni, kulikuwa na sauti nyingine nyuma ya nyumba, pale migombani. Fupi, ya chini, ya mtu aliyeitwa. Huenda ni jani lililokatika. Nimeketi hapa nikiliwaza hilo jani tangu tulipokula.

Basi sikuagizi lolote lingine, hata sweta. Huko uendako, uwe umeinamia kazi, uwe umechoka vipi, ukisikia nakuita, hata kama unajua niko mbali, usinyamaze. Usingoje niite mara ya pili, mwanangu. Itika wewe kwanza.

Mama yako,
Tabaka